Nondo Asiseme Neno

Kambi ya Daraja,
6 Februari

Mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Ikikukuta na mafua isome hivyo hivyo, maana nina hasira isiyosubiri dawa. Sisi huku hatujambo. Mguu wa wifi yako umepoa, anatembea bila kuchechemea. Watoto wanamsalimia shangazi yao na kuuliza atakuja lini. Daraja linapanda, mto umetulia. Mama anakula? Mwambie fulana aliyonifumia naivaa kila asubuhi, baridi ya huku si ya mchezo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Gazeti letu la katuni limenifikia jana. Nilikuwa nimeshawatangazia mafundi wote kwamba mwezi huu Tetemeko wangu anapata msaidizi, kwa hiyo nililifungua mbele yao, kwa madaha, kama mtu anayefungua zawadi. Nikafika ukurasa wa tatu. Mdogo wangu, nini kile?

Niliandika hivi, na nakala ninayo hapa: "Ukuta unaanza kuanguka. Tetemeko ameuzuia kwa mgongo. Hapo anatokea Nondo, anasimama kando yake, wanauzuia pamoja." Nondo! Nondo ya chuma! Zile tunazozisuka kwa waya kabla ya kumwaga zege. Nilitaka jitu refu, jembamba, gumu, lisilopinda. Wewe umenichorea mdudu. Umenichorea mwanamke mwenye mabawa ya vumbi na macho kama visahani, anaelea juu ya ukuta, na ukuta wenyewe hata hajaugusa. Anatazama taa!

Mafundi walivunjika mbavu. Mpiga zege wetu, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka, ilibidi akae juu ya ndoo.

Gazeti limeshachapwa, sina la kufanya. Ila toleo lijalo asionekane. Na usihangaike kumtungia safari ya kuondokea, mashujaa wa pembeni hawaagwi. Yuko wapi Bwana Parafujo? Wako wapi wale Pacha wa Mvuke? Walikuja, wakamsaidia Tetemeko, wakapotea, na hakuna msomaji aliyelia. Msaidizi ni kama jukwaa la mbao: ukuta ukishakauka unaling'oa.

Kaka yako,
Mtunzi wa Tetemeko


Nyumbani,
2 Machi

Kaka, shikamoo.

Mama hajambo. Anakula vizuri na kugomba vizuri, na mpangaji wa chumba cha nyuma ndiye anayeyapata yote. Macho ya Mama ni yale yale: mwanga anauona, herufi hazioni, kwa hiyo kila gazeti likitoka namsimulia kisanduku kwa kisanduku. Amefurahi kusikia habari ya fulana. Mimi niko dobi kama kawaida, mchana nanyoosha mashati ya watu, jioni nachora.

Kuhusu Nondo, samahani. Lakini ni nusu ya samahani tu, nusu nyingine nakudai wewe. Mswada wako niliusoma nikiwa kwenye meza ya pasi. Mbele yangu alikuwa amesimama mteja na koti la sufu lililotobolewa na nondo mgongoni, anatufokea kana kwamba sisi ndio tuliolila. Hapa dobi neno nondo lina maana moja tu. Ungeandika chuma ningechora chuma.

Sasa nikuambie kilichofuata, na usifure. Mhariri ameniita ofisini. Mimi, si wewe. Akanisogezea kiti. Kaka, miaka yote hii napeleka michoro pale, sikujua kama wana kiti cha wageni! Mezani palikuwa na rundo la barua za wasomaji. Unajua mwenyewe barua za Tetemeko zinavyokuja, kwa kudonadona, na moja haikosi kuwa ya yule mwalimu anayesahihisha koma zako. Safari hii ni rundo, na wote wanauliza kitu kimoja: yule mwenye mabawa ni nani, na kwa nini alikuwa anatazama taa wakati ukuta unaanguka?

Nikamwambia mhariri sijui. Na kweli sijui. Nilimchora akitazama taa kwa sababu nondo hufuata taa.

Mhariri anaomba umwache. Kisanduku kimoja tu, hata cha pembeni. Na mimi naomba, maana nimempenda.

Mdogo wako


Kambi ya Daraja,
9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imechelewa njiani, au wewe ulichelewa kuituma, sijui. Sote tuko salama. Kitinda mimba wetu ameng'oka jino na analitembeza kwa majirani. Kazini wameleta kijana wa ramani, ana kofia ngumu mpya isiyo hata na doa, ananisaidia saidia.

Kwa hiyo mhariri ana kiti. Nimefurahi kusikia. Mimi nilipompelekea Tetemeko kwa mara ya kwanza nilisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuziba bomba. Lakini haya, nimefurahi.

Mwache basi huyo mdudu. Ila tuelewane. Asimzidi Tetemeko kiuno. Palipo na ukuta wa kuzuia, anayezuia ni Tetemeko, yeye amulike taa. Na asiseme neno. Hata moja! Shujaa asiyesema hana wafuasi, hilo nakuhakikishia, kwa sababu watu wanataka kitu cha kurudia mitaani. Tetemeko akipiga mguu chini ana "Ardhi, amka!" Huyo wako ana nini? Baada ya miezi miwili utaniambia wameshamsahau.

Wifi yako amekata picha yake na kuibandika kwenye mlango wa kabati. Ameikata kwenye gazeti langu mimi. Upande wa pili wa karatasi ile alikuwepo Tetemeko, sasa ana tundu kuanzia kifuani. Nimenyamaza, sikutaka ugomvi wa ndani kwa sababu ya mdudu.

Mama anasemaje kuhusu Tetemeko? Hujawahi kuniambia.

Kaka yako


Nyumbani,
5 Mei

Kaka, shikamoo.

Mama alibanwa na kikohozi, sasa kimemwachia. Mpangaji amepaka chumba chake rangi ya kijani bila kutuuliza, na kwa kuwa Mama haioni vizuri, nimeamua nisimwambie ni kijani gani.

Umeuliza Mama anasemaje kuhusu Tetemeko. Anasema ni mtu mzuri ila anapiga kelele. Usinikasirikie, nimeandika alivyosema. Yule wa mabawa, ndivyo anavyomwita, anamwulizia hata sijafungua gazeti. "Yupo?" Namwambia yupo. "Anafanya nini?" Ameshika taa, Mama. "Peke yake?" Halafu anataka nimsimulie uso wake, na nikimaliza anataka nirudie.

Ulisema asiyesema hana wafuasi. Mh! Kaka, umempa zawadi bila kujua. Kwa kuwa hasemi, kila mtu anambunia la kusema. Mteja mmoja anaapa kwamba Nondo ana hasira na Tetemeko, mwenzake anaapa kwamba anamwonea huruma. Juzi nusura washikane hapa hapa dobi, juu ya mashati yao. Wakati huo Tetemeko amepaza sauti kurasa nne na hakuna anayekumbuka alisema nini.

Sasa mhariri anataka aongee. Neno moja tu. Ningeweza kuliandika mwenyewe, lakini mwenye maneno ni wewe.

Mdogo wako


Kambi ya Daraja,
28 Mei

Mdogo wangu,

Sote wazima. Mpe Mama pole ya kikohozi.

Mnataka neno, nimewapa neno. Limo kwenye mswada, ukurasa wa nne. Wezi wanakuja, Tetemeko ameziba mlango kwa mwili wake, Nondo yuko nyuma anataka kutoka, anamwambia: "Sogea." Basi. Hakuna tafadhali, hakuna ndugu. Tuone watampendaje mtu asiye na adabu.

Anapiga kelele! Tetemeko anapiga kelele! Ngoja niishie hapa kabla sijaandika lingine.

Kaka yako


Nyumbani,
30 Juni

Kaka, shikamoo.

Mama mzima, anakusalimia. Baridi imeingia, makoti yote ya mji yametoka makabatini na yote yameletwa kwetu.

Kaka, ulifikiri nini ulipoandika "Sogea"? Mji mzima unalisema! Kwenye foleni ya benki, sogea. Kwenye ngazi za mahakama, watu na suti zao, sogea. Mpangaji anamwambia Mama sogea, na Mama, ambaye hajawahi kumpisha mtu, anacheka na kusogea. Ni neno zuri kuliko yote uliyowahi kuandika. Nasema kweli tupu, na najua hutaki kuisikia.

Mhariri ameongeza nakala. Kuna mambo mengine anayapanga, nitakuandikia yakikamilika.

Yule kijana wa ramani bado anakusaidia?

Mdogo wako


Kambi ya Daraja,
22 Julai

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, zikibaki na nafasi.

Jalada limenifikia. Nimelitazama sana kabla ya kumwona Tetemeko, nikadhani wamemtoa. Kumbe yupo. Ni lile bega nyuma ya bawa la kushoto. Shujaa mwenyewe, mtu ambaye gazeti zima lina jina lake, amebaki bega! Na aliyemchora ni wewe. "Mambo mengine anayapanga." Siku unaandika maneno hayo jalada ulikuwa umeshalimaliza, wino ukiukausha kwa pumzi, ukajitia hamnazo ukaniuliza habari za kijana wa ramani.

Na hapa kambini? Nikisimama kwenye njia ya toroli naambiwa sogea. Vijana niliowafundisha kushika mwiko wananiambia sogea na kucheka. Jana kijana wa ramani naye amelisema. Yeye hakucheka.

Nitasema wazi: roho inaniuma. Nina wivu. Mtu mzima, mume wa mtu, baba wa watoto, nimekaa juu ya mfuko wa saruji namwonea kijicho mwanamke wa wino ambaye hata kuwepo kwake ni kosa la kusoma. Tetemeko nilimtunga tukiwa watoto, chini ya meza ya Mama, wewe ukiwa hujui hata kuchonga penseli. Nimemlea peke yangu. Halafu anakuja huyu asiyefanya lolote, asiyebeba ukuta, asiyepiga mguu chini, anatazama taa tu, na wote wanageuza shingo: mhariri, mke wangu, mama yangu mzazi. Na wewe.

Mswada umo ndani. Nondo anaifuata taa ya mnara, anaungua, anakwisha. Usibadilishe neno wala nukta, wala usiniletee barua ya kubembeleza. Tetemeko atalia kisanduku kimoja, kisha kazi iendelee.

Nafasi imebaki: wasalimie.

Kaka yako


Nyumbani,
20 Agosti

Kaka,

Mama mzima. Mimi mzima.

Nimemchora akiungua kama ulivyoandika, sikubadilisha nukta. Nimechora vizuri kuliko nilivyowahi kuchora kitu chochote, maana kama ni lazima afe, basi asife ovyo. Mama alipotaka nimsimulie, nilimwambia mwezi huu gazeti halikutoka.

Umesema una wivu. Haya, na mimi niseme. Mimi ninao tangu chini ya ile ile meza. Wewe ulisema Tetemeko anafanya hivi, mimi nikachora. Ulisema hapana, futa, nikafuta. Jina lako limekaa juu ya kila ukurasa kwa herufi nene. Langu liko chini pembeni, karibu na anwani ya mchapaji, na miezi mingine mashine ya kukata karatasi inalila. Watu wakinitambulisha, mimi ni "dada yake yule mtunzi". Ukija likizo, wageni wanajaa sebuleni kukusikiliza wewe, na mimi ndiye ninayezunguka na vikombe. Sijawahi kulalamika, nanyi mkadhani sina cha kulalamikia. Halafu nikakosea kusoma neno moja, kikatoka kitu kilicho changu mimi, na wewe umekitia moto.

Wifi ameniandikia. Habari ya stoo ninayo. Sisemi zaidi ya hapo.

Mdogo wako


Nyumbani,
2 Oktoba

Kaka, shikamoo.

Hujajibu. Nakuandikia hivyo hivyo, ili usije ukasikia kwa watu.

Mama anaendelea vizuri. Ameshajua, mpangaji alimsimulia. Alininunia, hakunisemesha, mpaka tulipokuwa tunakunja mashuka akaniuliza kama nilimchora amefumba macho au amefumbua. Nikamwambia amefumbua. Akasema afadhali.

Toleo la kifo liliisha siku ile ile lilipotoka. Wakachapa tena, likaisha tena. Watu wanakuja dobi bila nguo, wanataka tu kuniuliza kama kweli amekufa, kana kwamba mimi ndiye niliyekaa na maiti. Ulitaka kumwondoa, Kaka, umemkuza. Alipokuwa hai kuna waliompenda na kuna waliomchoka. Sasa hakuna anayethubutu kusema amemchoka. Yule mwalimu wako wa koma ameandika barua nzima, na haina koma hata moja.

Mhariri anaanzisha gazeti jipya. Linaitwa *Nondo*. Tetemeko atakwenda likizo. Ndivyo alivyosema, likizo, na sikumsikia akitaja siku ya kurudi. Aliniuliza nani ataandika maneno. Nikamwambia asubiri, barua yako iko njiani. Tukasubiri mpaka nikaona haya kupita mbele ya ofisi yake. Basi amemweka karani wake wa hesabu, mwenye mwandiko mzuri. Nimekubali.

Nililia, kama unataka kujua. Halafu nikachora.

Mdogo wako


Kambi ya Daraja,
14 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, kwa Mama kwanza. Huku ni wazima. Wifi yako alikuwa ananijibu kwa kichwa tu, ndiyo na hapana, tangu lile toleo la moto. Wiki hii ameanza kunijibu kwa mdomo.

Habari ya stoo ni kweli. Msimamizi sasa ni kijana wa ramani. Mimi nagawa koleo asubuhi na kuzipokea jioni, na katikati nalinda mifuko isilowe. Sikukuambia kwa sababu nilitaka pabaki mahali pamoja ambapo bado niko mbele, na mahali penyewe palikuwa lile gazeti. Sasa unajua.

Tetemeko simwulizii. Apumzike, sauti yenyewe imeshamkauka.

Nimesoma *Nondo*, toleo la kwanza. Niliapa sitalisoma. Nimelisoma mara moja. Uongo, nimelisoma mpaka limechanika. Michoro yako inatoa machozi, hilo nakupa, ni haki yako. Lakini maneno! Nani huyo karani? Ukurasa wa pili Nondo anatokea dirishani, hakuna hata maelezo ametokaje motoni, na anasema: "Samahani ndugu, naomba kupita."

Anaomba kupita! Mdogo wangu, Nondo haombi kupita! Ukurasa wa tano anahutubia. Anahutubia, yule! Ana "aidha" na ana "hata hivyo". Nililitupa gazeti chini, nikaliokota, nikachukua penseli ya stoo nikaanza kufuta. Neno hili silo, futa. Hili angemeza tu, futa. Hapa angemtazama yule mtu mpaka mtu mwenyewe ajibu, futa sentensi nzima. Nilipofika mwisho nilikuwa na maneno manne gazeti zima, na lilikuwa gazeti zuri sana. Mtu aliyekuja kuchukua misumari ilibidi aniite mara mbili.

Wivu wa Tetemeko uliniumiza. Huu wa sasa ni mbaya zaidi. Nikifikiri kwamba yule mtu amekaa mahali, ameshika kalamu, anaamua Nondo atasema nini, natamani kumnyang'anya. Anamjua wapi? Mimi ndiye niliyemnyamazisha, mimi ndiye niliyempa neno lake la kwanza, mimi ndiye niliyemchoma. Na nikuambie jambo ambalo sikumwambia hata wifi yako: siku namwandikia ule moto, nilisimama katikati, nikatoka nje, nikaenda kuzungukazunguka kwenye mchanga mpaka mpiga zege akaniuliza nimepoteza nini.

Mwambie mhariri nataka kurudi. Nirudi kama nilivyokuwa.

Kaka yako


Nyumbani,
1 Desemba

Kaka, shikamoo.

Pole ya stoo. Mama naye anasema pole. Anasema pia kwamba msimamizi asiye na doa kwenye kofia bado hajafanya kazi, mwache, atachafuka. Ile ya "aidha" nilimsomea, amecheka mpaka kikohozi kikataka kurudi.

Nimekwenda kwa mhariri. Upande wa karani hakuna tatizo, wasomaji wanamlalamikia na mwenyewe anazililia hesabu zake. Lakini hurudi kama ulivyokuwa. Na usimlaumu mhariri, sharti si lake, ni langu. Jina langu juu, lako chini yake, kwa herufi ndogo kuliko zangu. Mswada uje kwangu kwanza, neno nisilolitaka nalikata, na hutaniletea barua ya hasira. Na Nondo hafi mpaka mimi niseme.

Nimeandika hayo, Kaka. Sijawahi kukuwekea sharti tangu nizaliwe. Lakini nikilifuta leo sitaliandika tena.

Usijibu haraka. Nakujua, ukijibu haraka utasema hapana. Karani amebakiza toleo moja. Ukikaa kimya kama ulivyokaa safari ile, mwakani nitatafuta mtu mwingine, na huyo nitamchagua mwenyewe, awe hodari.

Mdogo wako


Kambi ya Daraja,
19 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama na kwa mpangaji na rangi yake. Huku sote wazima.

Nimekubali. Usidhani nimefurahi. Nilichukua karatasi nikajaribu kuandika jina lako juu ya langu nione linakaaje. Mkono ukagoma, nikaandika tena. Wifi yako alikuwa ananichungulia begani, akasema limekaa vizuri. Nikamwambia aende zake. Wivu haujaniisha na sikuahidi kwamba utaniisha. Kila mwezi nitafungua gazeti nione jina lako mbele, roho itaniuma, kisha nitakaa niandike la mwezi unaofuata. Lakini kuniambia utatafuta mtu hodari! Hapo, mdogo wangu, ulinipiga pabaya, na ulijua.

Mswada ndio huu, kata unachotaka. Nimefikiri sana tutafanyaje na matoleo ya karani, maana yameshasomwa, hatuwezi kuyafuta vichwani mwa watu. Nimepata. Yule anayeomba kupita si yeye. Ni mwingine kabisa, aliyeokota mabawa chini ya mnara baada ya moto, akayavaa, na mji mzima ukamshangilia.

Ukurasa wa kwanza. Mchana, chumba cha juu, dirisha wazi. Yule mwenye adabu amesimama mbele ya kioo, anajipanga, anajizoeza hotuba. Nyuma yake mlango umefunguka. Hapo usiweke kisanduku, mpe Nondo wetu wa kweli ukurasa wa pili wote. Mgongoni hana bawa hata moja, ana makovu tu, na hakuna mtu mwingine ndani ya picha, Tetemeko wala nani.

Nondo: "Vua. Hayo ni yangu."

Kaka yako